Ramani ya Majivu

Kopo la poda lilikaa juu ya kabati miaka minne.

Mdogo wangu ndiye aliyelinunua, wiki ile nilipokuwa nafanya mtihani wa Serikali, Exetat, kwa mara ya kwanza. Kwetu Kabondo-Dianda, kama kwingineko Kongo, aliyepata diploma humwagiwa poda kichwani mpaka mabegani, akazungushwa mtaani kwa nyimbo na vigelegele, na siku hiyo hata asiyemjua humpa mkono. Matokeo yalipotoka, mimi sikuwamo. Mama alilifunga lile kopo ndani ya mfuko wa plastiki, akaliweka juu, hakusema neno. Baadaye nilipojifungua, mama mkwe alitaka tulifungue tumpake mtoto. Nilimwambia, "Mama, tafadhali, hilo lina kazi yake." Akanitazama sana, akaliacha.

Hakuna aliyenieleza nimeangukia wapi, lakini nilijua. Siku ya culture générale, karatasi ya maarifa ya jumla, nilipofika kwenye maswali ya jiografia, mkono ulikufa. Historia nilijikongoja, civisme nilijikongoja. Jiografia niliitazama kama mtu anayetazama barua iliyoandikwa kwa lugha ya ng'ambo.

Na si kwamba sikusoma. Daftari nililosomea lilikuwa la mjomba, zuri, lenye wino wa rangi mbili, vichwa vya masomo vyote vimepigwa mstari kwa rula. Nililimeza lote. Kumeza ndiko tulikokujua: unasimama nyuma ya nyumba, unafumba macho, unatamka mistari kama sala. Nilijua kwamba nchi ina majimbo 11 ukihesabu na Kinshasa, kwamba makao makuu ya Katanga ni Lubumbashi, kwamba kaskazini-mashariki tunapakana na Sudan. Mjomba aliyaandika hayo akiwa mwanafunzi, na wakati wake yalikuwa kweli. Lakini Sudan Kusini ilijitenga mwaka 2011, na mwaka 2015 majimbo 11 yakakatwa yakawa 26. Katanga yenyewe ilizaa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami yetu, ambayo makao yake makuu ni Kamina. Nilikuwa naishi ndani ya jimbo ambalo daftari langu halijawahi kulisikia. Mchana niliwaona watu wakipanda treni kwenda Kamina kutafuta karatasi za jimbo, usiku nikarudi nyuma ya nyumba kutamka majimbo 11, na mambo hayo mawili hayakukutana kichwani mwangu hata siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo kwa muda mrefu sikulitoa mdomoni. Wanafunzi wa mwaka wa sita wana desturi ya maquis: kukodi chumba au kuomba nyumba ya mtu, na kujifungia humo usiku kucha katika wiki za mwisho. Wapo wanaosoma kweli. Ila usiku mmoja alikuja kijana na karatasi, akasema hayo ndiyo majibu, yametoka juu. Kila mmoja wetu alitoa pesa. Zangu zilikuwa pesa za samaki za mama, alizonipa nile siku za mtihani. Tuliandika namba za majibu mapajani, chini ya sketi. Siku yenyewe nilipopokea karatasi ya maswali, hakuna kilichoingiana na kingine. Nilijibu hivyo hivyo, nusu kwa paja, nusu kwa daftari la mjomba. Jioni nilijisugua kwa sabuni na mchanga mpaka ngozi ikawaka. Nilikuwa nawaza vile mama anavyopanga samaki kwenye meza, mafungu mafungu, anavyotoa mmoja hapa na kumwongeza pale ili mafungu yalingane. Nilihesabu mafungu mangapi yamekwenda na ule wino.

Mwaka uliofuata niliolewa. Sitasema mengi kuhusu miaka ile. Mume wangu ni mtu mwema, hubeba mahindi na makaa kwa baiskeli, na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na jembe mkononi. Niliwaza shule imekwisha.

Kisha masomo ya msingi yakafanywa bure, mwaka 2019. Ada za wadogo zangu wawili zikamtoka mama mabegani. Hakuniambia kitu. Alizitenga pesa zile zile misimu miwili, kana kwamba bado anawalipia, na asubuhi moja akaja kwangu na kitambaa kilichofungwa fundo. "Hizi ni za wale wadogo," alisema. "Sasa ni zako. Rudi darasani." Mume wangu akauliza, bila ukali, mtoto atakaa na nani. Mama akajibu, "Atakaa na bibi yake." Nilishonewa sketi mpya ya bluu, kwa sababu ile ya zamani haikuingia tena, nikakaa benchi la nyuma na watoto niliowazidi miaka mitano, sita.

Mwalimu wa jiografia mwaka ule hakuwa na atlasi wala ramani ya ukutani. Alikuwa na chaki. Wiki ya pili aliniuliza échelle ni nini. Masomo yetu yote ni ya Kifaransa, na neno hilo mimi nililijua kwa maana moja tu. Nikasimama nikasema, "Ni ngazi." Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Kweli, ni ngazi. Ni ngazi ya kushukia kutoka kwenye ardhi mpaka kwenye karatasi. Ukikosea hesabu ya vidato vyake, umeanguka." Akachora mstari ubaoni, akaandika 1/2 000 000, akaeleza kwamba kwenye ramani ya namna hiyo sentimita moja ni kilomita 20. Kamina mpaka Bukama, ukipima moja kwa moja, ni sentimita tano na kitu; zidisha, upate kidogo zaidi ya kilomita 100. Bukama naijua. Kamina naijua. Kabondo-Dianda yetu iko kwenye reli katikati ya hiyo miji miwili. Kwa mara ya kwanza sentimita ilikuwa na vumbi na jasho ndani yake.

Usiku ule nilichukua daftari jipya nikaandika maneno yote ya jiografia niliyoyameza miaka iliyopita, nikaanza kutafuta kila moja ni kitu gani nyumbani kwetu. Kazi hiyo ilinichukua karibu mwezi, kwa tochi ya sola, mtoto akiwa amelala mapajani. Sijui kama kuna kitu kilichonisaidia zaidi ya hicho. Chukua neno régime. Kwa Kifaransa cha sokoni, régime ni mkungu wa ndizi. Redioni, régime ni utawala. Na mimi nilikuwa nimetamka "régime du fleuve" mara mia bila kujua kama mto una ndizi au una rais. Mwalimu alinieleza kwamba ni tabia ya mto katika mwaka mzima: unajaa lini, unashuka lini, na kwa nini. Bassin nayo ni beseni. Nilikwenda jikoni nikachukua beseni la kuoshea samaki, nikalimwagia maji ukingoni, pande zote. Popote nilipomwaga, maji yalikimbilia chini, mahali pamoja. Hilo ndilo bonde la Kongo: popote mvua inaponyesha ndani ya ukingo ule, iwe Afrika ya Kati, iwe Angola, iwe Zambia kwenye mto Chambeshi, iwe juu ya paa letu, maji yake mwisho hukutana. Embouchure imetoka kwenye bouche, kinywa; ni pale mto unapofungua mdomo baharini. Maneno yalikuwa na nyama kumbe. Mimi nilikuwa nameza mifupa.

Kuhusu ramani, nilijitengenezea. Kila asubuhi kabla ya jogoo wa pili nilizoa majivu ya jikoni nikachora nchi uani, mahali ambapo baadaye ningefagia hata hivyo. Nilipima kwa nyayo: unyayo mmoja kilomita 100. Nilianzia Banana, ule mdomo mwembamba ambako nchi yetu kubwa hivyo, kilomita za mraba 2 345 000 na zaidi, inagusa Bahari ya Atlantiki kwa pwani isiyofika kilomita 40. Nikapanda kaskazini kufuata Ubangi, nikazunguka, nikashuka kwenye maziwa ya mashariki, nikamalizia mkia wa Sakania unaoingia ndani ya Zambia. Majirani tisa niliwataja kwa sauti nikiwa nazunguka. Majimbo 26 niliyawekea punje za mahindi, lakini kuku waliyala, nikabadilisha nikaweka vizibo vya chupa. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zilikuwa vipande viwili vya makaa. Mto Lualaba ulikuwa kamba ya mkonge.

Siku za kwanza nilichora vibaya. Kasai ilikuwa kubwa mno, Ziwa Tanganyika likaelea mbali na mpaka. Nilifagia, kesho yake nikaanza tena. Kufikia mvua za Januari mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Jirani mmoja aliona. Majivu uani, alfajiri, mawe yamepangwa, mwanamke anazunguka akinong'ona majina: mtaani kwetu hilo si jambo la kupuuzwa. Maneno yakamfikia mama mkwe. Aliniita, akaniketisha, akaniambia kwa upole ulioniogopesha kuliko kelele, "Binti yangu, watu wanasema. Niambie mwenyewe unafanya nini." Nikamwomba aje alfajiri. Alikuja amejifunika kitenge, baridi ni kali. Nilichora mbele yake kuanzia mwanzo. Nikaweka jiwe: "Mama, hapa ni Kamina, ulikozaliwa. Hapa ni sisi." Alinyamaza, kisha akauliza, "Na Kolwezi?" Mwanawe wa kwanza alikwenda Kolwezi kuchimba. Nikampa jiwe, nikamwonyesha mahali, akaliweka kwa mkono wake. Akauliza ni mbali kiasi gani. Nikapima kutoka kwetu: nyayo mbili. Kama ndege arukavyo, ni kilomita zipatazo 200. Mama mkwe alitazama zile nyayo mbili muda mrefu.

"Nyayo mbili," alisema. "Na miaka sita hajaja."

Tangu siku ile aliyepita uani kwetu asubuhi alifokewa na mama mkwe mwenyewe, akae mbali asikanyage. Jirani hakusema tena.

Sasa nifike kwa mama yangu, maana yeye ndiye aliyenifundisha sehemu ambayo daftari halikuweza. Alizaliwa Kinkondja, kando ya Ziwa Kisale. Hajasoma. Lakini muulize maji. Nilikuwa nimeandika, kwa maneno ya mwalimu, kwamba Lualaba hutelemka kutoka nyanda za juu za kusini, hupita Bukama, kisha huingia katika mfereji mpana wa Kamalondo, ardhi iliyodidimia kati ya milima, na humo hupoteza haraka yake ikatawanyika katika maziwa na vinamasi: Upemba, Kisale na mengine. Nilimsomea mama kwa Kiswahili. Akasema ni kweli, lakini nimesahau jambo moja. "Maji huja mvua ikiwa inaondoka," alisema. "Sisi watoto tulikuwa tunaona jua limetoka, tunafurahi, ndipo maji yanaingia nyumbani. Mvua inayokufurisha si ile iliyokunyeshea wewe. Ni ya watu wa juu. Inatembea."

Nilimwomba arudie polepole niandike. Ilikuwa ni régime, yote, mdomoni mwa mwanamke ambaye hajawahi kulisikia neno hilo. Akaniambia pia jinsi mafunjo yanavyong'oka na kuelea kama visiwa, yakaziba njia ya mitumbwi, na jinsi maji yanaposhuka samaki wanavyobaki kwenye vidimbwi, ndipo kambale hushuka bei. Nikamuuliza, "Na yakitoka Kisale yanakwenda wapi?" Akasema, "Ankoro. Baada ya hapo sijui."

Basi usiku huo mimi ndiye niliyemsimulia. Nilimwambia kwamba baada ya Ankoro yanapita Kabalo, Kongolo, Kindu, yakielekea kaskazini muda wote, yakavuka Ikweta na kufika Kisangani, na huko, chini ya maporomoko, yanaacha jina la Lualaba yanaitwa Kongo. Kwamba yanapinda kuelekea magharibi kisha kusini, yakaivuka Ikweta mara ya pili pale Mbandaka, yakapita Kinshasa, yakateremka Inga, yakamwagika Banana. Kwamba mto huo haukondi sana kama mito mingine, kwa sababu mikono yake iko pande zote mbili za Ikweta: huku kwetu kusini tukiwa na kiangazi, Ubangi na wenzake wa kaskazini wananyeshewa, na wao wakikauka, sisi tunajaa. Mama alifikiri. Kisha akasema, "Kama mimi na shangazi yako sokoni. Siku nisipouza mimi, anauza yeye. Ndiyo maana sufuria haikosi kitu."

Nililiandika hilo pembeni ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu.

Hesabu za saa zilinisumbua kidogo tu. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, digrii 15 kwa saa moja, dakika nne kwa kila digrii. Mtego uko kwingine. Kati ya Kinshasa na Lubumbashi kuna digrii 12 hivi, yaani jua hutofautiana dakika kama 48, lakini saa ya Serikali hutofautiana saa nzima. Swali likitaka saa ya jua ukampa saa ya ukutani, umepotea. Mtu wa kwetu hapaswi kukosea hapo: redio hutuambia saa ya Kinshasa na saa ya Lubumbashi kila siku, na anayepiga simu Kinshasa asubuhi mapema anajua anamwamsha mtu.

Wiki za mwisho walinialika maquis. Nilikataa, na nilieleza sababu yangu kwa wale wasichana wawili walionifuata, nikawaambia habari ya paja na wino na mafungu ya samaki. Mmoja alibaki nami. Tulisomea uani kwetu, tukiulizana, kila mmoja akimlazimisha mwenzake aeleze kwa Kiswahili kwanza, ndipo aseme Kifaransa chake. Aliyeshindwa kueleza kwa Kiswahili tulihesabu kwamba hajajua, hata kama Kifaransa kilitiririka.

Siku ya culture générale kulikuwa na baridi ile ya kiangazi inayouma vidole. Mama alinipa bukari iliyobaki ya jana na kipande cha samaki, akanishika mkono mlangoni, akauachia. Nilipofungua karatasi nilipita kwanza mpaka kwenye jiografia, kwa kuwa ndiyo niliyoiogopa, nikataka niione uso kwa uso. Swali moja lilikuwa la hesabu ya kipimo cha ramani. Niliona nyayo zangu. Jingine liliuliza sababu ya mto Kongo kutopungua sana mwaka mzima, na majibu ya kuchagua chini yake. Nilishusha kalamu. Machozi yalinijia, nikayafuta haraka kwa mkono wa shati nisije nikalowesha karatasi. Niliwaona mama na shangazi kwenye meza zao mbili, jua kali, mmoja anauza. Nikaandika namba ya jibu, nikaendelea.

Matokeo yalinikuta shambani. Mume wangu alikuja na baiskeli tupu, bila mzigo, anakanyaga kwa nguvu, na alipokuwa bado mbali alianza kupiga kengele. Asilimia 61. Aliniweka nyuma ya baiskeli na jembe langu, tukaingia mtaani, na watoto walikuwa tayari wanakimbia pembeni.

Mama alikuwa amesimama kwenye kiti, anashusha kopo kutoka juu ya kabati. Mfuko wa plastiki ulikuwa umeshikana, ikabidi auchane kwa meno. Alinimwagia. Mama mkwe akanipaka usoni kwa viganja viwili, akampaka na mtoto. Shangazi akaanza wimbo. Katikati ya kelele mama aliniinamia sikioni.

"Walikuuliza maji?"

"Waliuliza, mama."

"Ukajibu?"

"Nilijibu kama ulivyosema wewe na shangazi."

Alilitikisa kopo akasikiliza. Kulikuwa na poda kidogo chini. Alivua kilemba chake, akainamisha kichwa, akajimwagia yote.